Kesho Tutamtafutia Mahali

Kila Jumamosi mafundisho ya watoto yakiisha hatuwaachi waende mara moja. Huku kwetu Wamaza jua la saa tisa bado ni kali, na nyumbani wanangojewa na kazi ya kuteka maji na kutwanga sombe. Basi tunakaa nao kitambo kwenye kivuli cha kanisa, tunawasimulia hadithi. Zamani tulisimulia zile za sungura na chui, ambazo wanazijua kuliko sisi, nao hutusahihisha tukikosea. Siku hizi tunawasomea vilevile vitabu, tukivigeuza Kiswahili kadiri tuwezavyo, maana vingi vimeandikwa kwa Kifaransa.

Jumamosi moja kabla ya Noeli tulitoa hadithi tuliyoisoma tulipokuwa seminari ndogo, katika kitabu cha zamani ambacho mchwa walikuwa wamekula jalada lake. Tulidhani ni hadithi ya kufaa siku zile za Noeli, basi. Hatukujua kwamba mwisho wake tungeulizwa swali la kutufanya tufunge kitabu na kusema saa imekwisha, hali saa haikuwa imekwisha.

Kwanza tueleze jinsi watoto wanavyokaa. Wale wenye nyumba hukaa mbele, juu ya matofali yaliyobaki wakati wa kujenga ukuta wa kanisa. Watoto wa wakimbizi wa vita hukaa nyuma, karibu na njia, kama watu wanaongojea kuambiwa waondoke. Hakuna aliyewapanga hivyo. Sisi wenyewe ilituchukua miezi mingi kuliona jambo hilo, na tulikuwa tunalitazama kila juma.

Kwa msomaji wa mbali inafaa kusema kwamba upande huu wa kusini ya Maniema, tangu Kasongo hata Kabambare, watu wamezoea kukimbia. Wazee wanakumbuka mwaka 1964, wakati wa Wasimba, jinsi walivyolala porini. Sisi tulio na miaka thelathini na zaidi tulikimbia tukiwa watoto, katika vita vilivyoanza mwaka 1996 na vile vya 1998. Halafu vikaja vita vya huko Salamabila, kwenye dhahabu ya Namoya. Kampuni ya Kanada iliyochimba huko ilisimamisha kazi mwaka 2019, lakini bunduki hazikusimama pamoja nayo. Mtu anafika na godoro kichwani, kuku mmoja na watoto watano. Juma la pili ukimtazama, watoto ni wanne, maana mmoja ameachwa kwa watu fulani ili aponee huko. Na watu wale nao wakichoka, mtoto hubaki barazani pa duka, au shuleni, au kanisani.

Mijini watoto wa namna hiyo wamepewa majina. Kinshasa wanaitwa shege, Goma na Bukavu wanaitwa maibobo. Huku kwetu hawana jina. Tunasema tu, "yule wa barazani."

Sasa hadithi yenyewe. Iliandikwa mwaka 1872 na mwanamke Mwingereza aliyejiita Ouida, nayo ni habari ya nchi ya Ubelgiji, karibu na mji wa Antwerpen. Jina lake, tukiligeuza, ni Mbwa wa Flandre. Mtoto yatima anayeitwa Nello anakaa na babu yake, askari wa zamani aliye kilema, katika kibanda kidogo sana. Siku moja wanaokota njiani mbwa mkubwa aliyepigwa na bwana wake hata akatupwa afe. Wanamwuguza, akapona, akaitwa Patrasche. Tangu hapo mbwa anavuta kigari cha maziwa ya majirani mpaka mjini, kama vile huku vijana wanavyosukuma baisikeli zenye magunia. Watoto wetu walishangaa kusikia mbwa anafanya kazi. Hapa mbwa anawinda au analala.

Nello ana rafiki mmoja tu, msichana jina lake Alois. Baba yake Alois ana kinu cha upepo cha kusaga unga, naye ndiye tajiri wa kijiji. Watoto hawa wanacheza pamoja, wanakwenda kanisani pamoja, wanakaa pamoja karibu na moto wa nyumba ya tajiri. Lakini Alois alipofika miaka kumi na miwili, baba akaanza kuhesabu. Akaona kwamba kijana huyu hana kitu ila vidole vya kuchora picha, na kwamba siku moja atamtaka binti yake. Akamkataza asije tena. Halafu moto ukashika ghala ya kinu, na tajiri akasema hadharani kwamba Nello alionekana karibu na mahali pale. Wanakijiji hawakumchukia kijana. Lakini kila mmoja alikuwa na unga wake kinuni. Wakaacha kumpa maziwa yao. Babu akafa. Kodi ya kibanda ikakosekana, na mwenye kibanda akamtoa mtoto pamoja na mbwa wake nje ya nyumba, siku ya mkesha wa Noeli, katika theluji.

Theluji tuliieleza kuwa ni kama unga wa muhogo unaomwagika kutoka mbinguni, ila ni baridi. Mtoto mmoja wa nyuma akauliza kama unaliwa.

Usiku ule mbwa akafukua katika theluji kifuko cha fedha, faranga 2,000, chenye jina la yule tajiri. Nello akakipeleka nyumbani kwa tajiri. Tajiri mwenyewe hakuwapo, alikuwa nje akikitafuta. Mama yake Alois akafungua mlango. Nello akampa fedha, akawaomba Alois na mama yake wamtunze Patrasche, kisha akauvuta mlango nyuma yake akatokomea gizani. Mbwa akalia akikwaruza mlango, nao hawakuthubutu kuufungua. Baba akarudi, akaambiwa habari, akauficha uso wake kwa aibu. Alois akamwuliza kama Nello ataweza kuja kesho. Baba akakubali. Kesho, siku ya Noeli, na siku nyingine zote atakazopenda.

Lakini mlango ulipofunguliwa kwa mgeni mwingine, mbwa alichomoka, akafuata harufu katika theluji mpaka ndani ya kanisa kubwa la Bikira Maria la Antwerpen. Mle kuna picha za Rubens, ile ya Yesu akiinuliwa msalabani na ile ya Yesu akishushwa. Ziko mpaka leo. Katika hadithi zilikuwa zimefunikwa kwa pazia, na aliyetaka kuziona ilimpasa alipe kipande cha fedha. Nello alikuwa amezitamani maisha yake yote. (Padri wetu alikuwa anapita, akasimama kusikiliza. Tulipofika hapo pa kulipa akacheka kidogo, kisha akanyamaza.) Usiku ule pazia lilikuwa limeondolewa, mwezi ukaangaza, mtoto akaona. Asubuhi ya Noeli watu wakamkuta juu ya mawe ya sakafu amekumbatiana na mbwa wake, wote wawili wamekufa kwa baridi. Tajiri alikuja akilia. Akaja na mchoraji mmoja, anataka kumchukua mtoto awe mwanafunzi wake.

Tunajua kwamba wengine hawauwezi mwisho huu. Filamu ya Marekani ya mwaka 1959 ilimwacha mtoto aishi. Wajapani waliifanya hadithi ya televisheni mwaka 1975, nao hawakuogopa, wakamwacha afe, na watu wa huko wanaipenda mno. Mbele ya kanisa lile la Antwerpen imewekwa, tangu mwaka 2016, sanamu ya mtoto na mbwa wamelala, wamefunikwa kwa mawe ya barabara kama blanketi. Sisi nasi hatukubadili mwisho. Tulidhani watoto watalia. Wa mbele walilia, wengine wao. Wa nyuma hawakulia.

Hapo msichana mmoja wa nyuma akainua mkono. Anaweza kuwa na miaka kumi. Akasema, "Samahani, Mwalimu. Yule rafiki yake alikuwa ndani?"

Tukamjibu, "Ndiyo, alikuwa ndani."

"Kwa nini hakumfuata nje?"

Mtoto wa mfanyabiashara, aliyekaa mbele, akamjibu badala yetu, "Baba yake alikuwa amemkataza."

Yule msichana akafikiri, akasema, "Lakini baba alikuwa hayupo. Na komeo lilikuwa upande wa ndani."

Basi hapo ndipo tulipofunga kitabu.

Wasomaji wapendwa, mwaka uliotangulia kulikuwa na kijana wa barazani aliyekuwa rafiki wa mtoto wetu wa pili. Alifika na shangazi yake kutoka upande wa Salamabila. Shangazi akaendelea na safari kwenda Kindu kutafuta ndugu, akasema atarudi kumchukua, hakurudi. Kijana akawa analala barazani pa shule. Shule ya msingi ya serikali hailipwi karo tangu mwaka 2019, lakini daftari hazigawiwi, wala shati jeupe. Mtoto wetu akamkatia daftari lake katikati kwa kisu cha jikoni. Tulimkaripia kwa ajili ya daftari. Kisha mama wa watoto wetu akasema, "Mwache," tukamwacha. Jioni kijana alikuja kula kwetu. Alikula polepole na kuacha kidogo sahanini, kama mgeni aliyelelewa vizuri, halafu akaaga, akarudi barazani kwake.

Kumpa bugali haikutusumbua. Kulala ndiyo iliyotusumbua. Nyumba yetu ina vyumba viwili, na sisi tulikuwa watu saba. Mtoto wetu aliuliza kila siku, nasi tukamjibu kila siku kwamba kesho tutamtafutia mahali. Tulikusudia kweli. Tulitaka kuliweka neno hilo mbele ya shirika letu la Wakristu, ili familia moja yenye nafasi imchukue. Jumapili moja tulikuwa na mazishi. Jumapili ya pili tulizungumza habari ya mabati. Ya tatu tulisahau.

Usiku mmoja mvua kubwa ikaja na upepo. Baraza ya shule inatazama upande ule ambako mvua hutoka. Tukasikia hodi. Alipiga hodi mara tatu, si kwa nguvu, na kila mara akingoja, kama watoto wa kwao wanavyofundishwa. Mtoto wetu akaketi juu ya mkeka, akasema, "Baba, ni yeye." Tukamwambia alale. Tukasema mvua inakaribia kwisha. Tukasema neno lile la kesho. Hodi ya nne haikuja, maana mtu mwenye adabu hapigi hodi ya nne. Nasi tulilala, hilo ndilo tunaloliona gumu kuliandika. Hatukukesha kwa kujuta. Tulilala mpaka jogoo.

Asubuhi hakuwapo barazani. Waliomwona walisema amefuatana na wachuuzi wa baisikeli waliokuwa wanakwenda Kasongo. Tulikwenda Kasongo baada ya siku tatu, tukauliza sokoni, tukauliza kwa mapadri, tukauliza kwa waendesha pikipiki. Miezi mingi baadaye mchuuzi mmoja alituambia amemwona Kindu, kwenye bandari ya mto, akibeba mizigo. Huenda ndiye. Huenda siye, maana watoto hawa hufanana machoni pa mtu asiyewaangalia.

Tangu Jumamosi ile ya swali tumekuwa tukitafuta hadithi ambazo ndani yake mlango unafunguliwa. Tulirudia kitabu cha Mfaransa Hector Malot cha mwaka 1878, habari ya Remi, mtoto wa kuokotwa anayezunguka nchi pamoja na mzee mwenye mbwa na nyani. Mzee akafungwa gerezani, mtoto akakaa na njaa kando ya mfereji. Ikapita mashua ya mama tajiri, na juu yake mtoto mgonjwa wa miguu, jina lake Arthur, naye akamtaka Remi awe rafiki yake. Wakamchukua mashuani, wakamlisha. Watoto wetu walipiga makofi. Walipiga tena makofi mwishoni, ilipojulikana kwamba Remi na Arthur ni ndugu wa tumbo moja, na kwamba Remi naye ni tajiri tangu kuzaliwa, aliibwa tu.

Sisi hatukufurahi sana na mwisho huo, ingawa zamani seminarini tuliupenda. Hadithi nyingi za watoto zina ugonjwa huu, hata za kwetu za masultani. Maskini akipendwa, mwishoni anageuka kuwa mwana wa mfalme. Ni kama mwandishi anaogopa tajiri asije akaonekana mjinga kwa kumpenda mtu bure. Mtoto wa barazani anayesikia hadithi hiyo anajua vizuri kwamba baba yake hakuwa mfalme, alikuwa mchimba dhahabu. Hata hivyo tumtendee Malot haki. Remi ana rafiki mwingine, Mattia, Mwitalia mdogo aliyelala njaa pamoja naye. Mattia haonekani kuwa mwana wa mtu yeyote, wala Remi hamwachi.

Padri mmoja aliyesoma Nairobi alitusimulia kitabu cha Meja Mwangi wa Kenya, cha mwaka 1990, ambacho Ujerumani kilipewa tuzo la vitabu vya vijana mwaka 1992. Kariuki ni mtoto wa mpishi katika shamba la Mzungu, na Nigel ni mjukuu wa bwana mwenye shamba. Ni wakati wa Mau Mau. Mpishi hataki urafiki huo, na bwana hautaki, kila mmoja kwa sababu yake. Watoto wanakwenda msituni kuwinda. Hadithi hiyo ni chungu, lakini ndiyo watoto wetu wanayoiomba irudiwe kuliko zote. Tulipowauliza sababu, walisema ni kwa kuwa wale wawili hawakumwomba mtu mkubwa ruhusa.

Tena tuliwasimulia habari ya kweli ya Adrien Atiman, mkatekista kama sisi, ila yeye alikuwa pia mganga. Aliibwa utotoni huko magharibi ya Afrika, akauzwa, akakombolewa na Mapadri Weupe, akasomeshwa uganga Malta, akafika Karema kando ya Tanganyika mwaka 1889. Akatibu watu huko mpaka alipokufa mwaka 1956. Hakuna aliyegundua kwamba ni mwana wa mfalme. Watoto walisikiliza kwa heshima. Lakini mmoja alisema aliyefungua mlango pale ni mapadri, na mapadri wana nyumba kubwa.

Habari za Jumamosi zetu zilifika mjini pa wafanyabiashara. Baba wa yule mtoto wa mbele alikuja kutuona, mtu mwema, aliyetoa saruji ya sakafu ya kanisa. Akasema, "Mwalimu, mnawafundisha watoto wetu kuleta watu nyumbani."

Tukasema, "Tunawasomea vitabu tu, Baba."

Akasema, "Nyumba yangu ina bidhaa. Kitu kikipotea, nitamdai nani? Nitakudai wewe?" Akangoja. "Wewe mwenyewe unao wangapi kwako?"

Hatukuwa na jibu. Siku ile hatukuwa na hata mmoja. Tena hofu yake tuliijua, maana usiku ule wa mvua nasi tuliifikiri hiyo hiyo, ijapokuwa nyumbani kwetu hakuna bidhaa, kuna vitabu na mbuzi wawili. Tulimwahidi tu kwamba hatutawaambia watoto la kufanya.

Basi Jumamosi iliyofuata hatukusoma. Tuliwapa watoto ile hadithi ya Nello waimalize wenyewe, kuanzia pale anapobisha mlango na kifuko mkononi. Ikawa kelele. Mtoto wa mfanyabiashara akasema Alois angempitisha mlango wa nyuma, angemlaza katikati ya magunia ya unga, ambako kuna joto. Wakamwuliza baba angesema nini asubuhi. Nusu wakasema angewapiga wote wawili. Wengine wakasema kwanza angehesabu magunia. Yule msichana wa nyuma akasema angekuwa amekwisha kulala usiku mzima ndani, hata wakimfukuza. Wakagombana hata jua likashuka, na tulipowatazama, mstari wa mbele na wa nyuma ulikuwa umevurugika.

Mtoto wetu hakusema neno siku ile. Tulikuwa njiani kurudi nyumbani alipotuuliza kama mlango wa jikoni unafungwa kwa komeo au kwa kamba. Tukamwambia ni kwa kamba. Akauliza kama ni kamba ambayo mtoto anaweza kuifungua gizani. Tukamwambia anaweza.